Nimeipa mashine pepe GB 8, kerneli inaona GB 3: nyingine zimekwenda wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro, natunza kompyuta za ofisi ndogo inayotegemea programu ya uhasibu ya zamani, ya biti 32. Aliyeiandika hayupo na msimbo wake haupatikani. Kompyuta yake ilipokufa nilihamisha mfumo wote, Debian 7, kwenye mashine pepe ya QEMU na KVM juu ya seva yenye RAM ya GB 32. Nikaipa GB 8 kwa `-m 8192`, lakini `free` inaonyesha kama GB 3 tu. Nikasikia kwamba q35 ni ya kisasa kuliko pc, nikabadilisha aina ya mashine, ikashuka hadi GB 2! Tena nilijaribu kuufungasha mfumo mzima ndani ya initrd (faili la mfumo wa kuanzia ambalo kerneli hupewa kwenye RAM inapowaka) ya MB 600 ili kila asubuhi mashine ianze ikiwa safi. QEMU iliipokea bila kulalamika, ila kerneli, kile kiini cha mfumo, ikafia kwenye `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Je, QEMU inaniibia RAM? Na initrd mwisho wake ni ukubwa gani?

Jibu: Marahaba. Hujaibiwa. GB zako 8 zote zimo ndani ya mashine pepe, hata muda huu unaposoma hapa. Shida ni kwamba kerneli uliyonayo haina njia ya kuzifikia 5 kati ya hizo. Kwa dalili ulizoeleza, ni kerneli ya biti 32 iliyoundwa bila PAE (mbinu ya kufikia RAM iliyo juu ya GB 4, nitaieleza), na kwa kerneli ya namna hiyo dunia inaishia GB 4. QEMU imeweka GB 3 upande wa huku wa mpaka na GB 5 upande wa pili. Initrd nayo ina kikomo chake kingine kabisa, chenye hesabu yake, ingawa wengi hudhani ni kilekile. Dawa ya yote mawili ni kifurushi kimoja nitakachokitaja huko chini, ila usirukie huko kwanza. Mtu asiyeijua ramani hubadilisha vigezo kama anayecheza bahati nasibu, na matokeo yake umeshayaonja ulipohamia q35.

Tuanze na ramani yenyewe. Rudisha aina ya mashine kuwa pc, iwashe, kisha ndani yake andika `dmesg | grep e820`. Utapata orodha inayofanana na hii (anwani zimeandikwa kwa heksadesimali, namba za msingi wa 16; tarakimu za mwisho hutofautiana kidogo kufuatana na toleo la QEMU):

```
BIOS-e820: 0000000000000000 - 000000000009fc00 (usable)
BIOS-e820: 000000000009fc00 - 00000000000a0000 (reserved)
BIOS-e820: 00000000000f0000 - 0000000000100000 (reserved)
BIOS-e820: 0000000000100000 - 00000000bffe0000 (usable)
BIOS-e820: 00000000bffe0000 - 00000000c0000000 (reserved)
BIOS-e820: 00000000feffc000 - 00000000ff000000 (reserved)
BIOS-e820: 00000000fffc0000 - 0000000100000000 (reserved)
BIOS-e820: 0000000100000000 - 0000000240000000 (usable)
```

Hii ndiyo hati ya kiwanja ambayo bayosi, programu inayoiamsha mashine, humkabidhi mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) wakati wa kuwaka. Jina E820 halina siri: ni namba ambayo kerneli huiweka kwenye rejista ya prosesa inapoiuliza bayosi, kupitia mkatizo wa 15h, "RAM iko wapi na wapi?" Angalia kwamba haiulizi RAM ni kiasi gani. Inauliza iko wapi.

Sasa soma mistari mitatu ya usable. Wa kwanza ni kile kipande cha chini ya KB 640. Wa pili unaanza MB 1 na kuishia bffe0000, yaani pungufu kidogo ya GB 3. Wa tatu unaanza 100000000, ambayo ni GB 4 kamili, na kuishia 240000000, ambayo ni GB 9. Umeona hapo? Mashine yenye RAM ya GB 8 ina RAM inayoishia kwenye anwani ya GB 9. Hukuongezewa kitu. Ni kwamba kati ya GB 3 na GB 4 hakuna RAM, na namba zake hazikuondolewa.

Ufikirie mtaa ambao nyumba zake zimepewa namba kwa mpangilio, na katikati inapita hifadhi ya barabara. Namba za hapo zipo kwenye ramani ya mipango miji, lakini ukijenga utaamka ukutani una X nyekundu. Hifadhi hiyo kwenye kompyuta ni ya vifaa. Kadi ya skrini ina kipande chake, kadi ya mtandao chake, kidhibiti cha mikatizo kiko fec00000 na mwenzake fee00000, na bayosi yenyewe imejibanza kileleni, kuanzia fffc0000 hadi mpaka wa GB 4. Prosesa ikiandika kitu kwenye fee00000 haiandiki kwenye RAM. Inaongea na kifaa.

Mazoea haya ni ya zamani. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya 8088 yenye nyaya 20 za anwani, hivyo ilifika MB 1 na kuishia hapo. KB 640 za chini zikawa za programu, na KB 384 za juu zikagawiwa skrini na bayosi. Watengenezaji walipoondoka MB 1 na kufika GB 4 walirudia mtindo uleule: juu kabisa pa vifaa, chini pa RAM. Mashine yako pepe haina hata waya mmoja wa kweli, lakini inaiga kompyuta ya zamani kwa uaminifu mkubwa, mashimo yake yakiwemo.

Tuje kwenye pc na q35, maana hapa ndipo pana kituko ambacho sijaona watu wakielezwa vizuri.

Kwa aina ya pc, QEMU hufuata kanuni hii: RAM uliyoomba ikiwa chini ya MB 3,584, yote huwekwa chini ya GB 4, kipande kimoja. Ikifika hapo au kuzidi, basi lazima ikatwe, na ikikatwa mkato haupigwi kwenye MB 3,584 bali hurudishwa nyuma hadi MB 3,072, yaani GB 3 kamili. Kisa cha kurudi nyuma ni kwamba RAM ya mgeni ikianza na kuishia kwenye mipaka ya GB nzima, kurasa kubwa (vipande vya RAM) za mwenyeji, yaani seva yako, zinalingana na kurasa kubwa za mgeni na kazi ya kutafsiri anwani inakuwa nyepesi. Ni uamuzi wa busara kwa wageni wa biti 64, ambao ndio wengi siku hizi. Kwa mgeni wako mzee ni hasara tupu: ukimpa MB 3,500 anaziona zote, ukimpa 8,192 anaona 3,072. Umemwongezea, akapungukiwa.

q35 ni kali zaidi kwa sababu inaiga ubao wenye PCI Express, na huo unahitaji MB 256 za ziada za anwani kwa ajili ya kusanidi vifaa. Hapo RAM iliyo chini ya MB 2,816 hukaa pamoja. Ikifika 2,816 au zaidi, mkato unapigwa kwenye GB 2. Ndiyo maana ulipohamia "ya kisasa" ukashuka hadi GB 2. Hakikuharibika chochote. Mpaka umesogea tu.

Watengenezaji wa QEMU waliwakumbuka watu wa aina yako. Kuna kigezo cha `max-ram-below-4g` ambacho kinaweza kuupandisha mkato kuliko kawaida, makusudi kwa wageni wasio na PAE:

```
-M pc,max-ram-below-4g=4G -m 3968M
```

Hapo MB 3,968 zote zinakaa chini ya mpaka, na vifaa vinaachiwa MB 128 za kujibanza. Kwa mashine yenye skrini ya kawaida, diski moja au mbili na kadi moja ya mtandao, MB 128 zinatosha. Ukianza kuiwekea kadi ya picha ya kweli kutoka kwa mwenyeji hazitatosha. Hii ni njia ya haraka ya leo mchana, huhitaji kugusa chochote ndani ya mgeni. Kutoka GB 3 hadi karibu 3.9 bila jasho.

Lakini wewe unazitaka zote 8, kwa hiyo tuongee PAE. Hiyo ni mbinu iliyokuja na Pentium Pro mwaka 1995: anwani za programu zinabaki za biti 32, ila jedwali la kurasa linaruhusiwa kutaja anwani za RAM za biti 36, yaani hadi GB 64. Debian 7 ya biti 32 ilikuja na ladha mbili kuu za biti 32 za kerneli yake ya 3.2: moja inaishia na `486`, nyingine na `686-pae`. Andika `uname -r`. Nina hakika karibu kamili kwamba utakuta 486, pengine kwa sababu ile kompyuta iliyokufa ilikuwa ya kale na kisakinishi kiliichagulia hiyo. Na ukichungulia dmesg vizuri utaona kerneli ilikuambia mapema, kwa mstari mmoja unaopita kasi, kwamba itatumia GB 4 tu na kwamba utafute iliyoundwa kwa HIGHMEM64G. Mistari ya namna hiyo hupita kama daladala iliyojaa: unaiona, haisimami.

Ukiweka 686-pae, GB 8 zitaonekana zote. Wengi huishia hapo wakashangilia. Mimi nakushauri usiishie hapo, na sababu yangu ina kovu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na taasisi moja, jina kapuni, yenye mashine pepe ya biti 32 iliyopewa GB 32. Kila siku ikifika saa tisa mchana kerneli ilianza kuua programu ikidai RAM imekwisha, na `free` wakati huohuo ikionyesha zaidi ya GB 20 ziko wazi. Nilibadilisha swap, nikaongeza RAM, nikailaumu programu, nikamlaumu aliyeiandika. Ilinichukua siku mbili kuandika `free -l`, ambayo hutenganisha ukanda wa chini na ukanda wa juu. Ukanda wa juu ulikuwa wazi kwa sehemu kubwa. Wa chini ulikuwa umejaa hadi pomoni.

Kerneli ya biti 32 hugawa anwani zake GB 4 hivi: GB 3 kwa programu, GB 1 kwa kerneli yenyewe. Ndani ya hiyo GB 1, MB 128 hivi huwekwa akiba kwa mambo ya muda kama moduli na vipande vya vifaa. Zinabaki MB 896. Hizo ndizo RAM ambazo kerneli inazishika moja kwa moja, mkono kwa mkono. RAM nyingine yoyote, iwe GB 2 au 60, iko ukanda wa juu: kerneli ikiitaka hulazimika kuchukua ukurasa mmojammoja, kuupa anwani ya muda, kuutumia, kisha kuuachia. Programu zako zinaweza kuishi ukanda wa juu bila taabu. Kerneli haiwezi kuweka huko vitabu vyake.

Na vitabu vyenyewe vinakua kadiri unavyoongeza RAM. Kila ukurasa wa KB 4 una kadi yake ya kumbukumbu ya baiti 32, na kadi hizo lazima zikae ukanda wa chini. Fanya hesabu: GB 8 ni kurasa 2,097,152, kadi zake zinakula MB 64. GB 32 zinakula MB 256. GB 64 zinakula MB 512 kati ya zile 896, na kerneli haijaanza hata kazi. Ile taasisi ilikuwa ikijinyonga kwa kamba ya RAM. Tuliposhusha kutoka GB 32 hadi GB 8 mashine ikatulia. Mkurugenzi alidhani namtania.

Kwa hiyo kwa PAE, GB 8 ni salama, 16 ni ya kuvumilia, zaidi ya hapo unatafuta matatizo.

Sasa initrd yako ya MB 600. Hapa kuna watu watatu wanaopokezana mzigo, na kila mmoja ana kipimo chake. QEMU husoma kichwa cha faili la kerneli, mahali palipoandikwa anwani ya juu kabisa ambayo initrd inaruhusiwa kufika. Kerneli za kale kabisa zilizo na kanuni za kuwaka za kabla ya toleo 2.03 hazikuwa na sehemu hiyo, na kwa hizo QEMU huchukua 37ffffff, ambayo ni MB 896 kasoro baiti moja. Namba hiyo haikutoka hewani, umeshaijua asili yake. Kerneli yako ya 3.2 inaandika 7fffffff, yaani GB 2. QEMU ikaangalia, MB 600 zinaingia bila shida, ikaiweka initrd ikigusa dari ya GB 2 na kuondoka zake. Ndiyo maana hukusikia malalamiko.

Kisha kerneli ikaamka. Ikakuta initrd iko karibu na GB 2, ukanda wa juu, ambako haiwezi kuisoma moja kwa moja. Desturi yake ni kuihamishia ukanda wa chini. Lakini kabla ya kuhamisha hupima kwanza: initrd ikifika nusu ya ukanda wa chini au zaidi, huikataa. Nusu ya 896 ni 448. Ya kwako ni 600. Kerneli ikaandika kwamba initrd ni kubwa mno na inaizima, kisha ikaendelea na safari kana kwamba haikupewa kitu. Ilipofika mahali pa kufungua mzizi wa mfumo haikuwa na initrd wala diski ya kuangalia, ikafia kwenye `unknown-block(0,0)`. Sifuri mbili hizo maana yake ni kwamba haikuona kifaa chochote. Umelaumu mzizi, na kosa lilitokea sekunde nzima kabla, kwenye mstari uliokwishapanda juu ya skrini.

Ili uuone mstari huo kwa macho yako, mpeleke mgeni aandike kwenye mlango wa serial badala ya skrini:

```
-nographic -no-reboot -append "console=ttyS0 earlyprintk=serial,ttyS0,115200"
```

`earlyprintk` huifanya kerneli iseme hata kabla haijapanga nyumba yake, na `-no-reboot` huizuia mashine isijiwashe upya ikianguka, maana baadhi ya makosa ya ramani huangusha prosesa kabla ya neno la kwanza na kinachoonekana ni mashine inayowaka na kuzima bila kukoma. Kwa kazi yoyote ya kuwasha kerneli kwa `-kernel` mimi huanza na mstari huu, hata pasipo na shida.

Kwa hiyo, kwa kerneli uliyo nayo: chini ya MB 448, na hapo hesabu faili jinsi lilivyo, likiwa limebanwa. Tena isiwe inagusa 448, kwa sababu lazima lipatikane eneo moja lisilokatika la ukubwa huo ukanda wa chini, na kerneli nayo inakaa humohumo. Likifumuliwa, kilichomo ndani kinaweza kukaa ukanda wa juu, kwa hiyo huko si tatizo.

Ila, ndugu yangu, initrd ya MB 600 kwa ajili ya kuamka safi kila asubuhi ni kubeba maji kwa pakacha. QEMU ina njia ya dezo:

```
-drive file=mfumo.qcow2,if=virtio,snapshot=on
-drive file=data.qcow2,if=virtio
```

Diski ya kwanza ikiwa na `snapshot=on`, kila kinachoandikwa juu yake kinaenda kwenye faili la muda linalotupwa mashine ikizimwa. Kesho yake diski ni ileile ya jana. Ya pili haina kigezo hicho, kwa hiyo inahifadhi. Hakikisha vitabu vya uhasibu viko kwenye hiyo ya pili! Usitumie `-snapshot` peke yake mwishoni mwa amri, maana hiyo inashika diski zote na utazika hesabu za siku nzima kila jioni. Pia ukihamia virtio, aina ya diski pepe iliyoandikwa hapo juu, majina ya diski yatabadilika kuwa vda na vdb, basi kwenye `/etc/fstab` tumia UUID (kitambulisho kisichobadilika) badala ya majina.

Sasa ile dawa. Debian 7 ya biti 32 ina kifurushi cha `linux-image-amd64`. Ni kerneli ya biti 64, lakini kimepakiwa kwa ajili ya mfumo wa biti 32. Unaongeza kerneli tu. Programu, maktaba, mipangilio, vyote vinabaki vilevile vya biti 32, na programu yako ya uhasibu haitajua kwamba chini yake pamebadilika. Kwa kerneli ya biti 64 hakuna ukanda wa chini na wa juu: RAM yote inashikwa moja kwa moja, na anwani zilizotengwa kwa kazi hiyo zinatosha TB 64. Initrd ya MB 600 ingeingia. GB 8 zote zitaonekana, kwa pc au kwa q35, maana GB 4 si mpaka tena. Na kuna bakshishi: chini ya kerneli ya biti 32 programu moja ilikuwa na GB 3 za anwani, chini ya hii itapata karibu 4 kamili.

```
apt-get install linux-image-amd64
```

Debian 7 iliacha kupata hata masahihisho ya muda mrefu mwaka 2018, kwa hiyo vifurushi vyake viko archive.debian.org. Elekeza `sources.list` huko. Na kwa sababu hiyohiyo usiiache mashine hiyo iguse intaneti baada ya hapo.

Mambo machache yanaweza kukukwamisha. La kwanza ni aina ya prosesa uliyoiandika kwenye QEMU. Ukiwa na `-cpu qemu32` au `kvm32` mgeni hapewi biti 64 kabisa, na kerneli mpya itagoma mara moja kwa ujumbe kwamba inahitaji prosesa ya x86-64 na imeona i686. Weka `-cpu host`. La pili, kama unawasha kwa `-kernel`, kusakinisha ndani ya mgeni hakubadilishi kitu, kwa sababu QEMU inasoma lile faili la zamani lililoko kwa mwenyeji. Toa `vmlinuz` na initrd mpya kutoka `/boot` ya mgeni uzielekeze upya, au achana na `-kernel` uwashe kupitia diski.

La tatu ndilo la kuulizia kabla hujagusa kitu. Programu za uhasibu za zamani hizo, nyingine zilikuja na kifaa kidogo cha kuzuia wizi kinachochomekwa nyuma ya kompyuta, na dereva wake ni moduli ya kerneli. Moduli ya biti 32 haiingii kwenye kerneli ya biti 64, haina mjadala. Ukiandika `lsmod` na kukuta jina usilolijua lenye harufu ya kampuni iliyoandika programu, simama hapo. Katika hali hiyo nenda 686-pae, lakini jaribu kwanza kwenye nakala, kwa sababu hata huko moduli inaweza kukataa kerneli isiyo yake. Ikikataa, rudi kwenye `max-ram-below-4g` na uishi na MB 3,968. Ofisi ndogo haitahisi tofauti.

La nne ni dogo: baada ya mabadiliko `uname -m` itasema x86_64, na hati za amri (script) za zamani zinazochagua njia kwa kuangalia jina hilo zinaweza kupotea. Iwashe programu kwa `linux32` mbele ya amri yake na itaambiwa i686 kama zamani.

Usidhani mambo ya mashimo ni ya mashine kongwe peke yake. Huko juu yanajirudia kwa kipimo kikubwa. Aina nyingi za prosesa za QEMU humtangazia mgeni biti 40 za anwani za RAM, ambazo ni TB 1, na mtu akijaribu kuwasha mgeni wa TB 1 na zaidi bila kuongeza `host-phys-bits=on` anakutana na kisa chako kilekile akiwa amevaa suti. Prosesa za AMD nazo zina hifadhi yao ya barabara ya GB 12 chini tu ya alama ya TB 1, na mgeni anayepewa kadi ya PCI ya kweli alikuwa akigonga hapo hadi QEMU 7.1 ilipoanza kumhamishia RAM yake juu ya hiyo alama.

Ukimaliza, angalia `MemTotal` kwenye `/proc/meminfo`. Haitasoma GB 8 kamili, itapungua kwa zaidi ya MB 100: ni zile kadi za kurasa, ambazo kwa biti 64 zimenenepa karibu maradufu, pamoja na mwili wa kerneli wenyewe. Hilo ni la kawaida. Likipungua kwa GB nzima, nitumie mistari yote ya e820 pamoja na amri kamili ya QEMU, nisione picha ya skrini iliyokatwa.